Sare za Njano Nilizopeleka Masaka

Tangu nirudi Geita sijapata kushona pindo moja kwa amani. Kila mteja akiingia kibandani anavuta stuli, anaweka kitambaa mapajani na kuuliza, "Mama Baraka, Kigali kulikuwaje? Watoto yatima walifurahi?" Nimeshajibu "tunamshukuru Mungu" mpaka mdomo umekauka, na jibu lenyewe si la kweli. Basi naandika mara moja, msome wote, halafu mniache nifanye kazi.

Kabla hatujapanda basi mjue jambo moja. Tulikwenda watano: mimi, akina mama watatu wa kwaya, na Mwinjilisti Gidioni, kiongozi wa msafara. Huko nyuma Gidioni alishawahi kufika kwenye kituo cha kulelea yatima kule Masaka, pembezoni mwa Kigali, na ndiye aliyetuwasha moto kanisani. Wenyeji wake walishamwandikia kwamba kituo kimefungwa na watoto sasa wanaishi kwenye familia zilizokubali kuwalea. Yeye akasema haidhuru, mtoto wa kituo ni mtoto wa kituo, tutawakusanya. Wala hatukumbishia. Mimi nikapewa orodha ya watoto ishirini na sita na umri wao, nikashona sare: magauni kwa wasichana, mashati kwa wavulana, kitenge kimoja cha njano chenye maua ya buluu. Mnatujua sisi. Harusi sare, kipaimara sare, arobaini ya marehemu sare. Ukimpenda mtu unamshonea kama wenzake.

Geita hadi Lusahunga

Tuliondoka Ijumaa alfajiri. Nilibeba chapati kumi na mbili. Kufika Biharamulo Mwinjilisti alikuwa ameshakula saba, kisha akatutangazia kwamba safari hii ni ya kufunga na kuomba. Mungu aliona uso wangu.

Lusahunga basi likakata mkanda. Fundi akaja na pikipiki, akalala chini ya basi, akatoka, akaondoka na pikipiki. Tulikaa kwenye mabenchi ya mama ntilie kwa saa nne, tukila wali maharage kwa bei ya madereva wa malori. Mzee mmoja aliyekuwa anasafiri na redio mpya kabisa ndani ya boksi lake aliniuliza nakwenda kufanya nini Rwanda. Nikamwambia tunakwenda kuhudumia yatima. Akaniangalia, akauliza, "Geita wameisha?"

Nilikasirika sana. Nilikasirika kwa sababu mtaani kwangu naweza kuwataja watano bila kufikiri, na hakuna hata mmoja niliyewahi kumshonea nguo.

Rusumo

Mpakani, Mwinjilisti alitutia aibu ya kwanza. Usiku wa kuamkia safari alikuwa amezichukua sare zangu zote na kuzitia moja moja kwenye vifuko vya nailoni vinavyong'aa. Sijui alivitoa wapi, maana hata kwetu vimekatazwa. Alisema mtoto akipokea zawadi kwenye nailoni anaiheshimu.

Afisa wa forodha wa Rwanda, kijana mnyoofu kama rula, alifungua begi, akatoa kifuko cha kwanza, akakiinua juu.

"Mama, hii prastiki haiingii Rwanda."

"Basi toa hicho," Mwinjilisti akasema.

"Sitoi mimi. Mnatoa nyinyi. Yote."

Tukatoa vyote ishirini na sita, mbele ya abiria hamsini waliokuwa wakisubiri juani na kutuonyesha saa zao. Sare zikachanganyika, ndogo kwa kubwa. Hapo nilijipongeza, maana kwa ndani, shingoni, nilikuwa nimetia namba kwa uzi mwekundu: moja kwa mtoto mfupi kuliko wote, ishirini na sita kwa mrefu kuliko wote. Nikawaambia akina mama wa kwaya, "Mnaona faida ya kupanga?" Nakumbuka nilivyosema kwa majivuno. Natamani angalau hilo ningekuwa nimelinyamazia.

Jumamosi ya majembe

Kigali tulipokelewa na Dada Immaculée. Ni mfanyakazi wa ustawi wa jamii, na ndiye anayezunguka kwenye familia kuangalia watoto wanaendeleaje. Alizaliwa Karagwe, akasoma huko, kwa hiyo Kiswahili chake ni cha kwetu kabisa. Alitusubiri kituo cha mabasi tangu mchana, akatulaza nyumba ya wageni Remera, na wala hakununa. Mimi ningenuna.

Mwinjilisti alikuwa amepanga ibada na watoto Jumamosi saa tatu asubuhi. Tukaamka, tukavaa, tukatoka barabarani. Hakuna gari. Hakuna pikipiki. Maduka yamefungwa. Mji mzima kimya. Mwinjilisti akaanza kusema habari za unyakuo, kwamba pengine tumeachwa.

Kumbe ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, ambapo nchi nzima hutoka kufanya kazi za pamoja hadi karibu na mchana. Immaculée alitueleza jana yake, lakini Mwinjilisti alimkatiza ili aombee chakula. Na juu ya hilo, Rwanda wako nyuma yetu kwa saa moja, kwa hiyo saa tatu yetu ilikuwa saa mbili yao. Kiongozi wa mtaa akatukuta tumesimama na mabegi. Mtu mpole, amevaa mabuti.

"Nyinyi ni wageni? Karibu sana. Jembe iko."

"Sisi ni watumishi wa Mungu," Mwinjilisti akajibu.

"Ni vizuri. Na jembe iko."

Tulizibua mtaro. Mimi na kwaya tulizibua, maana Mwinjilisti baada ya majembe manne alipata maumivu ya kiuno yaliyomwezesha kukaa na kutusimamia. Wanawake wa pale walinicheka kwa upendo, wakanifundisha kushika koleo vizuri, na mmoja akanipa maziwa mgando kwenye kikombe. Hiyo ndiyo saa pekee ya safari nzima niliyofanya kazi iliyohitajika.

Gisimenti

Ibada ikasogezwa hadi Jumapili mchana. Jumamosi jioni Immaculée akatupeleka Gisimenti kula mishkaki, ambayo wao wanaita broshete. Tuliagiza jua likiwaka. Kila nikimwita mhudumu ananijibu kwa tabasamu, "Inakuja, mama. Iko inakuja." Ilikuja tukiwa tumeshakata tamaa na wawili wameshalala mezani. Sitakataa kwamba ilikuwa tamu, na viazi vyake vya kukaanga pia.

Wakati wa kusubiri, Immaculée alituhadithia kazi yake. Alisema wanaolea wanaitwa malaika mlinzi, na si matajiri, ni watu wa kawaida wenye shamba dogo na moyo. Kumpeleka mtoto kwenye familia, alisema, ni siku moja. Mtoto kuamini kwamba amefika inaweza kuchukua miaka. Akamtaja mama mmoja wa Masaka, mjane asiyewahi kuzaa, muuza nyanya, ambaye miaka miwili iliyopita alipewa binti anayeitwa Sandrine. Binti alikuwa na miaka tisa, na hakuwahi kuishi kwingine zaidi ya kituoni. Tangu siku hiyo majirani wakamwita yule mjane Mama Sandrine, na akiitwa anageuka haraka, kabla hujamaliza.

"Mtoto hana tatizo?" nikauliza.

"Hana hata moja," Immaculée akasema. "Hilo ndilo linanisumbua. Kila kitu yego, yego. Ndiyo, ndiyo. Hajawahi kununa hata siku moja."

Mimi niliyelea wanne wenye vichwa vya mawe nikasema huyo mtoto ni baraka. Immaculée akaniangalia tu, akarudi kwenye viazi vyake.

Masaka, Jumapili

Jengo la kituo sasa ni shule ya chekechea. Mwinjilisti aliomba ukumbi wake, akapewa. Immaculée alikwenda kutafuta viti vya kuazima, akatuomba tumsubiri tusianze kitu. Hilo nalo lilisikika kwa sikio moja.

Watoto walikuja na wazazi wao wa kulea, wengine kwa miguu, wengine kwa pikipiki, kila mmoja na nguo yake ya Jumapili. Sandrine nilimtambua mara moja kwa sababu mwanamke aliyemleta, mnene, mwenye sauti ya sokoni, alikuwa anamrekebisha kola kila hatua tatu. Binti alivaa sweta ya kijani ya kufumwa kwa mkono, mikono mirefu kupita vidole.

Mwinjilisti akawaambia wazazi wabaki nje ya geti kidogo, ili tuwatayarishe watoto na kuwafanyia mshangao. Wakabaki. Wageni wa watu wameomba, utakataaje? Geti likafungwa.

Tukawavua watoto nguo zao, tukawavika sare. Nikiita namba, mtoto anakuja. Hakuna aliyesukuma, hakuna aliyelia, hakuna aliyesema ya mwenzangu ni nzuri kuliko yangu. Walipokwisha kuvaa, bila mtu yeyote kuwaambia, wakajipanga mstari, mfupi mbele, mrefu nyuma, mikono nyuma ya mgongo, wakaanza kuimba wimbo wa kukaribisha wageni. Wote wanaujua. Wote wanatabasamu namna moja. Mwinjilisti akatoa simu na kupiga picha. Mimi nililia kwa furaha, nikasema moyoni, tazama adabu hii, wanangu wangeweza?

Sandrine alikuwa namba kumi na nne. Aligeuza shingo ya gauni, akaitazama ile namba nyekundu muda mrefu, kisha akaja kwangu na kuniuliza kitu kwa sauti ndogo, kwa Kinyarwanda. Sikuelewa. Neno nililokuwa nalo ni moja, na nilikuwa nimelishika tangu jana. Nikamshika shavu, nikamwambia, "Yego, yego."

Akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye mstari.

Immaculée aliingia na viti viwili mkononi, akasimama mlangoni. Viti akaviacha vianguke.

"Mama Baraka, nani amewapanga mstari?"

"Wamejipanga wenyewe," nikasema, bado natabasamu.

Alikimbia, mwanamke wa makamo na viatu vya kisigino, akaenda kufungua geti kwa mikono yake. Wazazi wakaingia. Akawaita watoto mmoja mmoja kwa jina, akamkabidhi kila mmoja kwa wake, na wengine wakaanza kulia. Ndipo akanieleza, huku ameuma meno. Kituoni walivaa nguo za rangi moja. Kila nguo ilikuwa na namba shingoni, kwa ajili ya kufua. Ndugu waliowaleta kituoni siku ya kwanza waliwaagia pale pale getini, geti likafungwa. Na wakija wageni walijipanga hivyo, wakaimba huo huo.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi nilikuwa nimekesha wiki tatu nikiwashona hao kunguni kwa mkono wangu, kwa uzi mwekundu.

Nilitaka kujua Sandrine aliniuliza nini. Immaculée akamuuliza, akarudi kwangu.

"Alikuuliza kama kuanzia leo wanalala hapa."

Masaka, Jumatatu

Jumatatu asubuhi Immaculée akapiga simu. Sandrine hakwenda shule. Aliamka, akafagia uwanja, akaosha sahani yake, akatia nguo zake kwenye boksi la maziwa ya unga, akalifunga kwa kamba na kuliweka mlangoni. Kisha akaenda kwa Mama Sandrine, akampa mkono kama anavyopewa mgeni, akamshukuru kwa kumtunza. Akakaa juu ya boksi kusubiri gari.

Kama mtoto yule asingerudi moyoni mwa nyumba ile, ni sisi tungekuwa tumemtoa. Sikuhitaji mtu wa kunieleza. Nilimwambia Mwinjilisti twende tukaombe radhi, akasema ni majaribu ya shetani. Nikamwambia shetani ana kazi zake, hii ni yetu. Ni mara ya kwanza kumwinulia sauti mtumishi, na sijatubu mpaka leo.

Nyumba ni ya vyumba viwili, na nyuma kuna kishamba cha maharage, migomba sita na mbuzi. Sandrine alitupokea yeye mwenyewe. Alituletea viti, akatunawisha mikono, akatumiminia chai, akatabasamu tabasamu la jana. Boksi lilikuwa pale pale mlangoni. Mama Sandrine macho yalikuwa mekundu, lakini mgeni ni mgeni, akatupakulia isombe, ambayo ni kisamvu kilichopikwa mpaka kikalainika kabisa, na viazi na maharage. Hatukuruhusiwa kuongea mpaka tule.

Kisha tukaongea, na sijui kama tuliongea au tulimwaga maji kwenye mchanga. Mwinjilisti aliomba dakika ishirini na tano. Immaculée akamshika binti mikono, akamweleza kwa upole kwamba hakuna gari, hakuna kituo, hapa ndipo kwake. Sandrine akasema yego. Nikatoa mkasi wangu mdogo, nikafumua ile namba kumi na nne mbele ya macho yake, uzi kwa uzi, nikamwomba anisamehe. Yego. Mama Sandrine akapiga magoti, akamwambia anampenda. Yego, na tabasamu. Boksi halikusogea. Tulikuwa watu wazima wanne na huruma yetu yote, na yule mtoto alitupokea sote kama wageni wa Jumapili. Niliona Mama Sandrine akianza kuvunjika.

Ndipo jirani alipopiga kelele nyuma ya ua. Sauti ya mtu aliyeibiwa. Mbuzi wa Mama Sandrine alikuwa katikati ya maharage yake, na kwa jinsi alivyokuwa anasema, mbuzi alikuwa ameanza zamani.

Mama Sandrine akasimama. Akatazama nje kwenye kigingi kitupu. Akatazama mlangoni, kwenye boksi. Ile kamba ilikuwa ya mbuzi.

Jamani, yule mwanamke alilipuka. Sijui Kinyarwanda, ila kufokewa nakujua kwa lugha zote. Sauti yote ya sokoni ilitoka. Alionyesha kigingi, akaonyesha boksi, akaonyesha jirani, akapiga makofi, akashika kiuno. Nikainuka nimzuie, maana nilifikiri ndiyo basi, tumemaliza kabisa kumharibu mtoto. Immaculée akanivuta gauni nikakaa.

"Anasemaje?" nikanong'ona.

"Anamuuliza nani atalipa maharage ya watu. Anasema mbuzi ni kazi yake kila siku, leo na kesho na mwakani. Anasema kama anafikiri atakaa juu ya boksi mbuzi akila mtaa mzima, amekosea nyumba."

Sandrine alikuwa amesimama, tabasamu limeanguka usoni. Midomo ikaanza kutetemeka. Nikajua analia. Kumbe alikuwa anakasirika. Akafungua mdomo, na ile sauti ndogo ya jana haikuwapo. Alifoka, na mguu akapiga chini.

Immaculée alisahau kuninong'oneza, alisema kwa sauti, "Anasema, 'Nilikuambia tangu juzi kamba ni moja! Wewe ndiye ulisema utanunua nyingine hukununua!'"

Kisha binti akaenda mlangoni, akalifungua boksi kwa hasira, akaivuta kamba yote, nguo zikamwagika sakafuni. Akaziruka, sweta ya kijani ikabaki juu ya kizingiti, akatoka mbio kuelekea kwenye maharage ya jirani akimwita mbuzi kwa maneno ambayo Mwinjilisti alishukuru hayaelewi.

Mama Sandrine alibaki katikati ya chumba na mikono kiunoni, anahema. Alinigeukia mimi, akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza sokoni, machozi yanamtoka na hayafuti.

"Umesikia, mama? Miaka mbili hii mtoto iko anasema yego tu. Leo amenijibu!"